Siafu Walipoingia Nyumbani kwa Mama Mkwe

Nilikulia Turiani, kwenye joto la miwa na mpunga, na mdudu niliyefundishwa kumwogopa alikuwa mbu. Nilipoolewa Mgeta nikakuta mbu wachache, baridi kali, na mashamba yaliyoning'inia milimani hadi ukipalilia unajiuliza utashikilia nini ukiteleza. Mume wangu alilima kabichi na njegere kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya mama huyo. Kwa hiyo nilikuwa mgeni mara mbili, mgeni wa mlima na mgeni wa mama mkwe.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno makali. Wiki ya kwanza alinitazama nikiteremka na ndoo kuelekea kijitoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu anatembea kama amebeba mayai miguuni." Majirani walicheka. Mimi nilienda kulia nyuma ya jiko.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu alipigwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulikufa ganzi, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka mazito, mengine yakiishia njiani. Kazi ya kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani ikawa yangu. Hakuwahi kunikatalia, ila kila nilipomfunua mguu ule alielekeza uso ukutani. Siku moja nilipokuwa namkausha kwa kanga alisema, "Usijisumbue na hilo gogo." Nikaendelea kulikausha.

Masika ilikuwa ndiyo imeanza. Mchana ule mume wangu alikuwa ametangulia na wabebaji kupeleka kabichi barabarani, kwenye lori la Dar es Salaam. Mimi nilikuwa shambani chini ya nyumba nafunga njegere kwenye miti. Nikasikia kuku wanapiga kelele. Nikadhani ni mwewe, nikapanda mbiombio huku nikipayuka ili nimtishe.

Angani hapakuwa na kitu. Nilichokiona kwanza ni panya, mchana kweupe, wanakatiza uani bila kunijali. Kisha mende, wengi, wanamiminika kutoka chini ya mlango. Nikasimama kushangaa, na hapohapo nikaumwa kidole cha mguu, kisha kifundo, kisha paja. Nilipotazama chini nikauona mkondo wa kahawia iliyokoza, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, unatoka kichakani, unapanda kizingiti na kuingia ndani. Ukutani ulikuwa umejigawa vijito vijito hadi kwenye paa.

Siafu. Na mama yuko ndani.

Niliingia nikirukaruka. Alikuwa amelala chali, macho wazi, shingo ameikaza kuelekea mlangoni.

"Nani anawasumbua kuku wangu?"

"Mama, ni siafu! Wameingia!"

"Wako wapi?"

Nikavuta blanketi. Walikuwa wameufunika mguu wake wa kushoto toka kwenye unyayo hadi juu ya goti, na mguu ulikuwa umetulia tu. Yeye alikuwa ananitazama usoni, anasubiri jibu.

Nilimshika kwapani nikamvuta, lakini alikuwa mzito, nami nilikuwa naumwa mwili mzima. Nikapiga yowe. Jirani yetu, mama mmoja mjane anayeishi ng'ambo ya kibonde, akaja mbio na jembe mkononi akidhani ni nyoka. Alipoona, akalitupa. "Shika miguu, dada, mimi nashika mabega! Usisimame sehemu moja!" Tukambeba na mkeka aliolalia, tukateremka kibondeni, tukapanda upande wa pili, hadi chumbani kwa yule mjane. Njiani mama mkwe alikuwa anasema kitu, anakirudia. Tulipomweka chini ndipo nikaelewa. Alikuwa anamuulizia kuku wake anayeatamia, niliyekuwa nimemfunika kwa tenga pale jikoni.

Sikuwa nimemkumbuka. Na ilikuwa haiwezekani tena kurudi.

Tulivua nguo, sote watatu, mlango umefungwa. Nilijitoa siafu wangu harakaharaka kisha nikapiga magoti kwenye mguu wa mama. Siafu aking'ata, ukimvuta mwili unakatika na kichwa kinabaki kimeuma ngozi. Ilibidi nichomoe kichwa kimoja kimoja kwa kucha. Damu ilikuwa inatoka vitonevitone. Nilianza kulia, kwa sababu niliona uchungu wote ule umempata mtu bila hata mwenyewe kuusikia.

Safari hii hakuelekeza uso ukutani. Aliinua kichwa akatazama.

"Ni wengi?"

"Wengi, mama."

"Wanatoa damu?"

"Wanatoa. Nisamehe, mama."

Akanitazama ninavyochomoa. Kisha upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. "Basi ni nyama," alisema. "Siafu hali gogo."

Yule mjane ndiye aliyeanza kucheka, nikafuata mimi huku machozi yananitoka, na mama mkwe akacheka hadi akakohoa. Tangu nimeolewa tulikuwa hatujawahi kucheka pamoja. Alinyoosha mkono wake mzima, akanitoa siafu mmoja aliyekuwa amebaki kwenye nywele zangu, akamtazama, akamtupa nje ya dirisha.

Mume wangu aliporudi na kusikia, uso ulimbadilika. Alipiga magoti akautazama mguu wa mama yake, akainuka, akatoka. Tulimsikia anaomba mafuta ya taa kwa mjane.

"Unataka kufanya nini?" mama yake akamuuliza kupitia dirishani.

"Nakwenda kuwachoma, mama. Wamekula mguu wako."

"Utachoma nyumba yangu!" Maneno yalimtoka yote, hakuna lililoishia njiani. "Waache wale walichofuata. Wakishiba wataondoka."

Tukalala kwa mjane. Kesho yake nilikwenda zahanati kuomba dawa ya vidonda, na nesi akanielekeza namna ya kuvisafisha. Siku iliyofuata siafu walikuwa wameondoka, tukarudi nyumbani.

Ndani palikuwa kimya kwa namna ambayo sikuizoea. Darini, tulikohifadhi mbegu za njegere na viazi, panya walikuwa wakikimbizana kila jioni. Sasa hapakuwa na hata mmoja. Mende hawakuwepo. Kunguni waliokuwa kwenye mbao za kitanda cha mama, ambao nilikuwa nimewamwagia maji ya moto mara nyingi bila mafanikio, nao hawakuwepo. Nyumba ilikuwa imefagiliwa hadi kwenye nyufa. Jikoni, chini ya tenga, palikuwa na manyoya na mifupa ya kuku, na maganda ya mayai. Nilivizika chini ya mti wa mpichi. Sikuweza kushukuru, na sikuweza pia kulaani.

Mume wangu alikuwa bado ana hasira. Akachukua kopo la mafuta akaufuata mkondo wao, majani yamelala walikopita. Nikamfuata kwa sababu niliogopa atafanya nini na kiberiti. Tukapanda hadi karibu na mpaka wa msitu. Pale juu palikuwa na kichaka kikubwa siku zote. Sasa palikuwa peusi. Kijana mmoja na mkewe walikuwa wamepakodi, wakafyeka, wakachoma kabla mvua haijaanza. Katikati ya majivu kulikuwa na kisiki kikubwa, na chini yake udongo uliochimbuliwa, matundu matundu, mtupu. Hapo ndipo walipokuwa wakikaa. Moto uliwatoa, nao wakateremka wakitafuta chakula na pa kukaa, na mlango wa kwanza ulikuwa wetu.

Mbele kidogo, msitu unapoanzia, tuliwaona tena. Walikuwa wanavuka njia, wengi wao wamebeba watoto wao weupe kama punje za mchele, wakubwa wenye vichwa vikubwa wamesimama kandokando kuwalinda. Ndege walikuwa wanarukaruka juu yao na kudaka panzi na buibui waliokuwa wakikimbia. Mume wangu aliliweka kopo chini akawatazama.

"Na wao wamehamishwa," alisema. Tukarudi, kopo limejaa.

Jioni alikwenda kwa yule kijana, nami nikaenda naye. Niliogopa ugomvi. Lakini kijana alikuwa na mtoto mchanga mgongoni kwa mkewe na viazi vichache kwenye sufuria, na aliposikia habari za mama alishika kichwa. "Sikujua, kaka. Lakini nisipolima pale, nilime wapi?"

Hata shamba letu lilikuwa msitu zamani, na mume wangu alilijua hilo. Walizungumza hadi chai ikapoa. Wakakubaliana kwamba ukanda wa juu, unaopakana na msitu, na ule wa kando ya kijito, zisifyekwe tena, na mume wangu akampa sehemu ya shamba letu la chini alime njegere msimu ule. Haukuwa mkataba mkubwa. Yule kijana ameutimiza kwa sehemu: kando ya kijito majani yamerudi marefu, huko juu kila mwaka anajimegea kidogo, nasi tunamwambia, naye anasema amesikia.

Siafu bado wanapita, si kila masika. Panya huwa wanarudi kabla yao. Siafu wakionekana kichakani tunafungua milango, tunatoa kuku wote, tunamhamisha mama kwa mjane, na wale mabibi wawili wanaanza kuongea Kiluguru kwa kasi nisiyoiweza. Vidonda vyake vilipona, vikaacha alama ndogondogo. Ninapomwogesha sasa hunielekeza mwenyewe: "Na huo wa kushoto, mwanangu, usugue vizuri."