Mshale wa Pikapu ya Okech

Kaka yangu Okech hakuvumilia kitu kinacholialia. Bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, hata kitanda cha mama, kikilia tu aliinuka. Chini ya kiti cha pikapu yake ya zamani aliweka kichupa cha mafuta ya sangara, aliyopewa na akina mama wanaokaanga samaki pale sokoni Mwaloni. Mama alimwonya kwamba ipo siku paka wote wa Kirumba watamfuata mpaka kanisani. Okech akajibu kuwa angalau paka watawahi mazoezi ya kwaya kuliko wanakwaya.

Pikapu hiyo ilibeba mambo ya watu wote: viti vya misiba, spika za kwaya, wagonjwa, magunia ya mpunga kutoka Magu. Mimi alinipeleka kwa wakwe zangu nayo. Safari hiyo kulikuwa na mlio mwembamba kwenye dashibodi, kama kifaranga aliyepotea, na kila tulipoongeza mwendo kifaranga alilia zaidi. Aliniambia ni waya wa spidi, ule unaotoka kwenye gia boksi kuja kuzungusha mshale. Alikunja uso njia nzima. Nilipopanda tena, mlio haukuwepo. Sikuuliza ameufanyaje.

Alifia kwenye barabara ya Magu. Pikapu iliacha njia ikagonga mti. Wapo waliosema alikwepa ng'ombe, wapo waliosema hawakuona ng'ombe yeyote. Mzee Josephat, mzee wa kanisa letu, alikuwa wa kwanza kufika kati ya watu tunaowajua, akapiga picha ya dashibodi kwa simu. Mshale ulikuwa umesimama kwenye mia na ishirini. Kabla hatujazika, picha ilishafika kwenye simu ya kila mwanakwaya.

Mzee Josephat si mtu mbaya. Tulipokaa kupanga ibada ya kumaliza matanga, alisema kwa upole kwamba angependa kuitaja picha hiyo kwenye mahubiri, vijana wa bodaboda wapate kujifunza. Wageni walipoondoka ndipo mama aliponishika mkono.

"Mwanangu, mtu anayekimbiza gari hivyo, mbele za Mungu si kama amejiua?"

Nilimjibu kwamba Mungu ni mwenye rehema. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikumtosha, wala mimi halikunitosha. Nikipiga magoti kusali nilijikuta nimeshasimama. Nilianza kufua, nikaacha nguo majini. Nilikwenda mpaka ufukweni nikarudi bila kujua nimefuata nini. Nilichotaka ni mtu aniambie ule mshale unasema kweli au hausemi, na ibada ilikuwa Jumapili.

Ijumaa nikaenda Buswelu, kwenye uwanja wa fundi Ndalahwa, ambako pikapu ilikuwa imevutwa. Nilipomwambia nataka apime mshale wa spidi, alinitazama kwa huruma.

"Dada, gari lenyewe halina uso. Spidi ya nini?"

Nikamweleza kuhusu mama. Akaweka soda yake chini, akachukua bisibisi.

Alianza kwa kuushuku waya. Alisema kwa kawaida ukikatika mshale unalala, na ukiwa unakwama mshale unarukaruka. Aliuchomoa nyuma ya saa ya spidi, ile yenye mshale. Mshale ukabaki pale pale, mia na ishirini, ingawa hakuna tena kilichoushika. Akauzungusha waya kwa vidole. Ulizunguka vizuri kabisa, ncha yake haijaliwa. Akakuna kichwa, akasema labda ajali ndiyo iliyoubana mshale, na kama ni hivyo picha ya mzee ni sahihi. Nikamwambia afungue saa yenyewe.

Alipotoa kioo, harufu ilinifikia mimi kwanza. Harufu ya Mwaloni. Harufu ya kaka yangu akinyoosha mkono chini ya kiti. Nikaanza kucheka, kisha sikuweza kuendelea kucheka.

Ndalahwa aligusa ndani kwa kidole. Kulikuwa na utando wa njano, mzito kama gundi.

"Nani alitia mafuta ya samaki huku?"

"Mwenyewe," nikasema.

Akaeleza kwamba waya ukizunguka hupandisha mafuta kidogo kidogo mpaka kwenye saa, na mafuta ya sangara yakikauka yananata. Yakinata huuburuta mshale juu kuliko mwendo wenyewe, na ukishapanda haurudi. Alisafisha kwa petroli na kitambaa. Mshale ukatikisika, ukashuka taratibu, ukalala kwenye sifuri.

"Kwa hiyo hakuwa anakimbia?"

"Hilo sijui, dada. Ninachojua, huyu hafai kuwa shahidi."

Sikusubiri airudishe. Nikaichukua ile saa na kitambaa chake, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Josephat. Nilimwamkia, nikampa kitambaa anuse kabla sijaeleza lolote. Okech ndiye aliyelainisha bawaba za mlango wa kanisa, na mzee mwenyewe alimshikia kichupa. Alinusa, akanusa tena. Nilipomaliza kueleza alisema, "Niliwapa watu picha. Sasa itabidi niwape na harufu."

Jumapili hakuhubiri juu ya mwendo. Alisimama kabla ya neno, akainua saa ya spidi, akawaambia kwamba picha aliyoituma haikuwa ushahidi wa kitu chochote, na akamwomba mama msamaha mbele ya watu wote. Mama aliinamisha kichwa, kisha akaomba apewe kile kitambaa. Alikitia kwenye mkoba wake, pamoja na Biblia.

Mama sasa analala. Mimi bado. Mwendo wa Okech siku ile hakuna anayeujua isipokuwa Mungu, na nimeanza kumwachia. Lakini nikipanda gari lolote, kabla sijakaa vizuri, huwa nainama kutazama kama mshale wake umelala kwenye sifuri.