Kabla ya Kuvua Alagama

Uvimbe ulikuwa shingoni karibu na taya, chini ya shanga, na shanga za mama hazivuliwi ovyo. Kwa miezi kadhaa alidhani ni ngozi tu imechubuliwa nazo. Nilipofika kwake Kakuma nikauona, mwekundu na mgumu, nilimgombeza mama yangu mzazi kama mtoto mdogo, kisha nikampandisha gari la Lodwar siku hiyo hiyo.

Majibu yalikuja: saratani ya ngozi, ya aina ambayo hata daktari alikuwa ameiona mara chache. Inaenea haraka, alisema. Kisu kingeutoa wote kwa siku moja, hapa hapa Lodwar, ila kingepita karibu na mshipa wa fahamu na mdomo ungeweza kupinda. Mionzi haikati, lakini ni Eldoret, kila siku kwa wiki kadhaa. Daktari aliamini kisu zaidi, ingawa mionzi ingeweza kufuata baadaye. Mimi nilitaka mionzi. Sikuweza kuufikiria uso ule ukiwa umepinda.

Mama aligusa alagama, pete ya chuma ya shingoni aliyovishwa alipoolewa. Kwetu mke huivua mumewe akifa, na baba alikuwa hai, Lokiriama na mifugo.

"Daktari, hiyo ya mashine, hii natoa kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Basi kisu. Natoa mara moja."

Nilikasirika. Uhai wake uamuliwe na kipande cha chuma! Lakini daktari alikuwa amekubali.

Asubuhi ya upasuaji akagoma. Hakuna kuvua mpaka asikie sauti ya mumewe. Nikampigia baba, nikaweka spika. "Ejok," akasalimia, akaanza habari za mbuzi, moja baada ya nyingine. Nesi akaipanua pete polepole. Ilikuwa haijatoka pale mtandao ulipokatika.

Mama akamdaka nesi mkono. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena. Mtu akachungulia mlangoni akasema tukichelewa ataingizwa mgonjwa mwingine. Niliogopa sana. Nusura niivute pete ile mwenyewe.

Simu ikaita.

"Ilikatika," baba akasema huku akihema. Alikuwa amekimbia kupanda kilima kutafuta mtandao. "Unanisikia? Niko hapa. Itoe tu."

Mama akauachia mkono wa nesi, akainamisha shingo.

"Sema lolote," akamwambia. "Usinyamaze tu."