Gari Iliyoombewa Kanisani

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa sitaki. Nilisimama kanisani mbele ya watu, nimejifunga kitambaa kipya cha kichwa, nikafungua huu mdomo wangu unaoujua, na ukali wa mdomo huo ulinipotezea kitu ambacho sijakipata tena mpaka leo. Nilikuwa nimeamua kukaa na hayo moyoni. Lakini jana nimekusikia ukimfokea fundi wako kwa simu, eti mwezi wa tatu sasa anakuambia kesho, nikasema, haya, huyu amerithi ulimi wa mama yake, afadhali nimwambie mapema. Jimiminie chai, ukae.

Wakati huo nilikuwa muuguzi, sijafika miaka thelathini, napanga nyumba ndogo hapa hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret. Wagonjwa walinipenda, ila waliniogopa pia, na mimi nilidhani kuogopwa ni heshima. Babu yako nilikuwa nimemleta akae nami kwa sababu ya kliniki ya macho. Unajua yeye aliondoka kwao Busia akiwa kijana, akaja kuendesha trekta kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Chepsaita. Mzungu huyo alikuwa na gari ndogo nyekundu ya milango miwili, gari ya mbio, imelala chini karibu iguse barabara. Kuiosha kila Jumamosi ilikuwa kazi ya babu yako. Miaka kumi na moja aliiosha na kuing'arisha, na hakukaa ndani hata siku moja. Hakukatazwa. Hakukaribishwa pia, na baba hakuwa mtu wa kujikaribisha. Lakini jioni alitusimulia habari za hiyo gari mpaka sisi watoto tukaijua kuliko tulivyowajua shangazi zetu.

Mzungu akauza shamba akaenda zake, gari ikaachwa kwenye stoo ya mahindi, kuku wakataga ndani. Nilipoanza kupata mshahara nilienda nikainunua. Watu walinicheka sana, wakasema Sista amenunua kiota. Waache wacheke. Nilimwambia baba, "Utakaa kiti cha mbele, tutapanda mpaka Kaptagat, na utaona barabara ukiwa ndani ya hii gari." Ahadi ni deni, na daktari wa macho alikuwa ameshaniita pembeni akaniambia ile presha ya macho imekula mengi, amebakisha pengine mwaka mmoja wa kuona, na hata huo asiuhesabu. Hapo ndipo haraka yangu ilipotoka. Nilitaka baba aione kabla giza halijamfika.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja aliyeitwa Mwangi, kijana mpole wa watu waliotoka Murang'a. Tulisali kanisa moja, na mke wake tuliimba naye kwaya. Siku ya kwanza kabisa nilimnyooshea kidole nikamwambia, "Fundi, hii ni gari ya baba yangu. Ukinivunjia hata skrubu moja, utajua mimi ni nani." Akatabasamu kidogo, akasema, "Sawa, Sista." Nikaondoka nikijisifu kwamba nimemweka kwa laini.

Wiki mbili za kwanza kazi ilienda vizuri. Kisha ikaanza kesho. Nikienda asubuhi kabla ya zamu, kesho. Nikirudi jioni na yunifomu yangu, kesho, Sista, kuna kaspea kadogo nangojea. Mara stima imepotea, mara mtu wa kuchomelea amesafiri, mara mjomba amefariki. Mjomba huyo alifariki mara mbili, mwanangu, niliweka hesabu! Nikamuuliza, "Mwangi, huyu mjomba wenu anakufa kila baada ya miezi mitatu?" Akainamisha kichwa akaingia chini ya gari ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi, kwamba gari za watu wengine zilikuja na kuondoka, na yangu iko pale boneti juu, injini imezibwa kwa tambara.

Nyumbani baba alikuwa akiniuliza kwa upole, "Imefika wapi?" Namwambia, iko karibu. Jumamosi moja, mwezi wa saba wa kungoja, nikamwona akijimiminia chai, na chai yote ikaenda kando ya kikombe. Akachukua kitambaa akapangusa meza polepole bila kelele, ili nisijue. Nilikuwa mlangoni, niliona yote. Usiku huo sikulala, na asubuhi nikaenda kanisani na moto wangu.

Pasta akauliza kama kuna mwenye ombi la kuombewa. Nikasimama. "Bwana asifiwe!" Wakaitika, amina. "Asifiwe tena!" Amina. Nikasema, "Naomba tumwombee ndugu yetu Mwangi fundi, aliyekaa pale nyuma na familia yake. Ameshikwa na pepo wa kesho. Miezi saba ananidanganya mchana kweupe. Na yeyote mwenye nia ya kumpelekea gari, ajue." Watu walicheka kwanza, halafu wakanyamaza. Pasta, maskini, hakujua afanye nini, kwa hivyo akaomba. Kanisa zima likafumba macho likamwombea Mwangi atoke kwenye uongo, na yeye amekaa pale amempakata binti yake. Mimi peke yangu sikufumba. Nilitaka kumwona akiaibika, na nilimwona. Aliangalia viatu vyake mpaka mwisho. Nami nikaenda nyumbani nikala sahani mbili, nimeshiba chakula na ushindi.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jumatatu nilipotoka zamu nilikuta gari yangu imesukumwa mpaka mlangoni, na injini imefunguliwa nusu, vyuma vingine vimo ndani ya gunia. Mwangi alisema tu, "Sista, gari yako ndiyo hii," akaenda. Nikacheka. Nikasema mafundi wamejaa Eldoret, atajuta yeye. Wa kwanza niliyemwendea akasema ana kazi nyingi. Wa pili akaangalia ndani ya gunia, akafunga, akasema hana ujuzi. Wa tatu ndiye aliyenipa ukweli. "Mama, si hii ndiyo ile gari iliyoombewa? Aa, hapana. Nikichelewa siku mbili tu, Jumapili jina langu liko madhabahuni!" Na wenzake wote pale gereji wakaangua kicheko. Wiki tatu nilizunguka mji huu, kila gereji wameshasikia. Na Mwangi naye, wateja walimpungukia, na mke wake akaacha kuja kwaya.

Habari ilimfikia baba kupitia jirani. Aliniita, akaniambia nikae karibu, kwa sababu nikiwa mbali hanioni vizuri tena. Hakupaza sauti. Babu yako alikuwa akigomba kama mtu anayeuliza njia.

"Nafula, ukitaka kumfungua mgonjwa kidonda kule wodini, unamfungulia wapi?"

"Nyuma ya pazia, Baba."

"Kwa nini?"

Nilijua kwa nini.

"Yule kijana ulimfungua mbele ya watoto wake," akasema.

Nikaanza kujitetea, nikasema nilifanya kwa ajili yake, kwa ajili ya macho yake. Akasema hakunituma. Machozi yakanitoka, nikamwambia basi, jioni hiyo hiyo nitaenda kwa Mwangi nimwombe msamaha. Baba akatikisa kichwa. "Ulimvua nguo sokoni, sasa unataka kumrudishia chumbani? Nenda ukamrudishie ulipomvulia."

Mwanangu, nimewashika watu mikono wakikata roho, lakini sijawahi kuogopa kama Jumapili iliyofuata. Mwangi alikuwa amekaa karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kutoka. Nilisimama, sikusema Bwana asifiwe wala nini. Nilisema, "Mimi Nafula nilitumia maombi kumpiga ndugu yangu. Ulimi wangu ndio ulihitaji kuombewa. Mwangi, nisamehe, na mama watoto anisamehe." Nikakaa.

Baada ya ibada Mwangi alitukuta karibu na ua wa kanisa, baba, niliyekuja naye siku hiyo, ameshika bega langu. Akamsalimia baba kwa mikono miwili, halafu akaniambia bila kuniangalia, "Sista, ile hedi ya injini, kile kifuniko chake cha juu, niliipasua. Wiki ya tatu tu. Nati ilikuwa imeshika kutu, nikapiga nyundo, ikapasuka." Akanieleza kwamba tangu siku hiyo alikuwa akizunguka kutafuta nyingine, Nakuru, Kitale, Kisumu, kila nafasi aliyopata. Hizo ndizo siku za matanga ya mjomba. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hapo ndipo akaniangalia.

"Kukuambia wewe, Sista?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama vile mtu angemuuliza mwenzake kama kweli anataka kuvuka mto uliofurika.

Lakini baba alikuwa ameshaanza kucheka, mpaka akaushikilia ua. "Hedi? Ni hedi tu mlikuwa mnatafuta? Mzungu alikuwa na injini nzima nyingine ya spea! Mimi mwenyewe niliifunika nyuma ya ile stoo, na mabati juu. Si mngeniuliza?"

Nikahesabu moyoni. Miezi minane karibu. Jibu lilikuwa linakunywa chai mezani kwangu kila asubuhi, na swali lilikuwa limefungiwa gereji kwa sababu ya kuniogopa mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, na mimi kama muuguzi nimeisema mara nyingi. Lakini hatumuulizi yule anayemtisha mgonjwa mpaka akafiche.

Tulienda Chepsaita, mwenye shamba akatupatia ile injini akishukuru kwamba tumemwondolea takataka. Mwangi akafanya kazi, na baba akakaa kwa kigoda kando yake akipapasa vyuma na kumwambia hiki kilikuwa kikilia hivi, kile kilikuwa kikisumbua asubuhi. Siku tisa, gari ikanguruma. Siku tisa tu! Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Katika ile miezi iliyopotea, macho ya baba yalikuwa yameenda. Siku ile tulipofungua mlango wa gari alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Hicho ndicho nilichopoteza, mwanangu, na hakuna fundi wa kulaumiwa peke yake.

Alipofika karibu na gari, mkono wake ulianza wenyewe kupangusa mlango. Nikamwambia, "Baba, leo si Jumamosi. Ingia." Akaingia, akakaa mbele, akaweka mikono magotini kama mtu aliyeenda posa. Tukapanda Kaptagat. Nilimwambia miti inapoanza, nilimwambia tulipowapita vijana wa mbio na kaptura zao kwenye ile baridi. Ghafla akaniuliza.

"Bado ni nyekundu?"

Mwanangu, nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nyekundu kama nyanya, Baba, ndivyo nilitaka kusema, na nani angenilaumu? Lakini nikamkumbuka Mwangi na mjomba wake, nikaona mimi pia naanza kumfanyia mtu hivyo hivyo. Nikasema, "Hapana, Baba. Rangi ilibabuka, sasa ni kijivu. Na mlango wa upande wako ni wa kijani, umetoka kwa gari nyingine."

Nikaogopa nimemuumiza. Kisha akapiga dashibodi kofi. "Kijani! Ala! Hebu nieleze vizuri." Nikamweleza yote, kioo kilivyopasuka pembeni, kiti kilivyoshonwa na gunia, hata unyoya wa kuku uliokuwa bado umekwama kwenye redio. Alicheka njia nzima. Tulipokuwa tukishuka kurudi mjini akasema, "Haya. Sasa nimeiona." Niliendesha nikilia, na sikumficha kwamba nalia.

Basi sikia, mwanangu. Sisemi mafundi hawadanganyi. Wanadanganya, na huyo wako pengine ni mmoja wao, na ukimkuta na makosa mwambie. Lakini mtu mkali hulishwa uongo, kwa sababu ukweli hauna mahali pa kukaa mbele yake. Kabla ya kumuuliza mtu kazi itaisha lini, muulize ni nini kimemshinda, na umuulize kwa sauti ambayo anaweza kuijibu. Ukimpa kitu chako unachokipenda, mwambie siku hiyo hiyo kwamba akikivunja aje akuambie, mtatafuta pamoja. Usimwanike mtu mbele ya watu, hata kwa jina la Mungu, hasa kwa jina la Mungu. Na kama umeshamwanika, msamaha wako uende mahali pale pale, mbele ya masikio yale yale. Fanya hivyo kwa fundi, fanya hivyo kwa mke wako, na watoto wako utakapowapata uwafanyie hivyo zaidi ya wote.

Maliza chai, umpigie simu huyo fundi wako, kijana wa watu. Mungu akulainishie ulimi bila kukuondolea ukweli. Akupe moyo wa kupokea habari mbaya zikiwa bado ndogo, na akuzungushie watu wasiokuogopa, wanaokupenda kiasi cha kukuletea habari hizo. Amina.