Nilimnyima Mwanangu Jina la Babu Yake

Niseme moja kwa moja: kosa ni langu. Sisi watu wa Kongo tukifikwa na jambo tunasema ni vita. Nyumba ikiungua, vita. Ndoa ikivunjika, vita. Hili langu vita haimo. Nililifanya mwenyewe, akili zangu timamu, na nilikuwa najisikia fundi!

Mwanangu anaitwa Rhydzel. Usihangaike kulisoma, hata mimi mwanzoni nilikuwa nalitamka leo hivi na kesho vile. Hiyo "dz" niliichukua Dzaleka, kambi ya wakimbizi alikozaliwa hapa Malawi. Herufi nyingine niliziokota tu kwa kuwa zilinipendeza. Watoto wa kambini walijaribu wakashindwa, wakamwita Redio. Basi na mimi nikawa Mama Redio, maana kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto, na jina lake mwenyewe linasahaulika kabisa. Hapo ndipo nilipojifungia mlango, ila nilikuwa sijui.

Mwanangu alikuwa na jina kabla hajazaliwa. Mimba ilipofika miezi minne, tukiwa bado kwetu Fizi, Kongo, baba mkwe wangu, mzee Wilondja, alituita mimi na mume wangu uani kwake. Alisimama akiegemea fimbo yake, ile yenye waya wa shaba uliozungushwa shingoni, akaniwekea mkono tumboni.

"Uyu njo majina yangu," akasema, yaani huyu ndiye somo wangu. "Mi niko nazeeka, lakini Wilondja hataisha mu hii nyumba. We mutoto, kuanzia leo uko Mama Wilondja."

Nikapiga magoti, nikaitika. Tangu siku hiyo mume wangu hakuniita tena kwa jina nililopewa na mama yangu.

Mwezi haukuisha, vita ikafika. Mume wangu alinipakia kwenye mtumbwi pamoja na majirani, yeye akarudi kumchukua baba yake. "Tangulia, Mama Wilondja," akaniambia. "Nitakukuta tu." Nilivuka ziwa hadi Kigoma nikamngoja. Nikangoja tena Mbeya. Nikafika Dzaleka, tumbo liko mdomoni, bila habari yake hata moja.

Sasa sikia ujinga wangu. Kambini kulikuwa na maneno kwamba wazungu wanapochagua watu wa kwenda ng'ambo, majina yetu yanawachosha. Ukitaka bahati, mpe mtoto jina ambalo hawajaliona! Nani alisema? Sijui. Niliamini. Nikapata karatasi ya sabuni, nikawa naandika majina pembeni kila siku, nafuta, naandika. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kila jina la kwetu nililolifikiria lilikuwa na maiti ndani yake. Nilitaka jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kufa nalo.

Kliniki, kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja kutoka mji wa Baraka, huko huko kwetu Fizi, mfupi, mweusi kama mimi. Naye alijifungua mtoto wa kiume siku moja na mimi. Akamwita Wilondja. Kwetu ni jina la watu wengi, halina ajabu. Lakini mimi nilicheka moyoni. Nikajisemea, hawa na majina yao yale yale, watabaki hapa hadi wazeeke!

Kijana mwenye daftari akaja kwangu, akauliza kwa Chichewa, "Dzina la mwana ndani?" Jina la mtoto ni nani? Nikamsomea herufi moja moja. Akaandika, akainua macho akanitazama, akainama tena kuandika. Nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi!

Mama wa Baraka hakufika mbali. Mtoto akiwa na miezi mitano malaria ilimchukua mama, na mtoto akamfuata wiki hiyo hiyo. Tuliwazika kaburi moja. Nilikwenda kuzika, nikaimba na wenzangu, nikarudi nyumbani kupika nsima, ugali wa huku.

Miaka miwili ikapita. Mashaka yalianza kuniingia polepole. Nikimwita mtoto, naona kama namwita mtoto wa mtu. Nikiota, namwona mzee Wilondja kasimama na fimbo yake. Nikawaza nikaombe jina libadilishwe. Lakini ningemwambia nani? Hakuna mtu kambini aliyejua kwamba mimi niliwahi kuwa Mama Wilondja. Niliona aibu kusema, nikaahirisha.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Sifa, fundi cherehani, mtu wa Uvira, mwema kuliko wote ninaowajua. Mwaka huo nilikuwa nauza kaunjika, nguo za mitumba, Mtandire kule Lilongwe. Nilikwenda na mtoto mgongoni, nikakaa wiki mbili. Niliporudi, Mama Sifa alinipokea mzigo, akanipa maji, akaanza kunihadithia habari za kambi.

"Mama Redio, ulikosa kuona mambo! Kulikuya baba moya, anatoka kule kwenu Fizi. Anatafuta bibi yake na mutoto. Siku tatu anazunguka tu, kanisa kwa kanisa, anauliza: Mama Wilondja iko wapi? Mutoto yangu Wilondja iko wapi?"

Nikakaa chini kwenye ndoo.

"Bantu banaogopa kumuambia. Njo mi nikasema, apana, si vizuri mutu ateseke. Mi mwenyewe nilimupeleka kwa kaburi ya ule mama wa Baraka. Nikamuambia, baba, bibi yako tulimuzika vizuri, na mutoto pembeni yake. Alilia, mama! Alilia mpaka nami nikalia."

"Hakutaja jina la mke wake?" nikauliza. Sauti niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine.

"Alilitaja. Lakini ule marehemu, nani alimujua jina? Sisi bote tulimuitaka Mama Wilondja tu. Alisema bibi yake ni mufupi, mweusi. Nikasema njo ule."

Nikamuuliza kama alikwenda ofisini. Akasema hakuwa na karatasi, aliogopa kukamatwa. Nikamuuliza amekwenda wapi. Akasema alipanda kabaza, ile baiskeli ya abiria, hadi barabarani, apate gari la Lilongwe, na huko aungane na wenzake wanaokwenda Msumbiji. Lilongwe! Mimi nilikuwa Mtandire nakunja suruali za watu, na baba wa mtoto wangu anapita mji huo huo akiwa mjane.

Mama Sifa alikuwa ananitazama akingoja nimsifu. Nikamwambia, "Ulifanya vema, Mama Sifa. Aksanti." Hadi leo hajui.

Asubuhi nilikwenda makaburini na mtoto. Kichwani pa kaburi la mama wa Baraka ilikuwa imechomekwa fimbo yenye waya wa shaba. Basi nikajua kwamba mzee amekufa, na kwamba mume wangu alibeba fimbo ile ziwa zima na njia yote ile ili aje kumkabidhi somo wa baba yake. Sikulia. Watu wanadhani utalia. Nilisimama pale, mtoto akawa anachezea ule waya, nikamwambia acha.

Nilimtafuta. Kuna mfanyabiashara mmoja wa Kindu, Mwislamu, anavusha mashuka hadi Msumbiji. Nilimweleza yote, yeye peke yake. Nikamtuma: ukimpata mwambie tuko wazima, mimi na mtoto wetu, mtoto anaitwa Rhydzel. Alichukua miezi kurudi. Alipofika hakutaka kukaa kwenye kiti.

"Nilimuona," akasema. "Lakini, dada, mi sikupenda ile jibu."

"Niambie tu."

"Anasema: bibi yangu nilimulilia kwa kaburi yake, nilinyoa matanga. Mutoto yangu anaitwa Wilondja, baba yangu njo alimupa jina na mudomo yake, na mama yake aliitika. Bibi yangu hawezi kulitupa. Uyu wa Rhydzel simujue. Muambie ule mwanamuke asinichezee na bafu bangu."

Wafu wake. Mimi ni mmoja wa wafu wake!

Alidhani mimi ni tapeli. Na nimlaumu? Aliniamini sana, ndiyo maana hakuamini. Nikapiga picha na mtoto, nikaituma kwa mfanyabiashara yule yule. Safari hiyo alinirudishia picha yangu. Mume wangu alikuwa amekwishaondoka, wanasema ameelekea Afrika Kusini, hakuna anayejua mji. Picha ilikuwa imekunjwa katikati, mkunjo umepita usoni kwa mtoto.

Sasa mtoto ana miaka sita. Ng'ambo hatujaenda. Wala hakuna mzungu aliyewahi kuuliza anaitwa nani.

Fimbo sijaichomoa. Mara mbili nimekwenda nikiwa nimekusudia kuichukua, nikaweka mkono, nikarudi. Aliyeachiwa ni Wilondja, na aliyelala pale ndiye Wilondja. Mwanangu huwa ananisaidia kung'oa majani. Juzi aliniuliza, "Mama, uyu mutoto alikuwa nani wetu?" Nikamwambia ni ndugu yako. Akaendelea kung'oa.

Dada zangu mlio kambini na mimba, na nyie wa mijini mnaokesha mkitafuta jina ambalo jirani hana, nisikilizeni mimi niliyeharibikiwa. Likiwepo jina mliloachiwa, na mkaliitikia, mpeni mtoto. Lenu hilo la urembo liwekeni la pili, wala halitawadai kitu. Kuna mtu yuko njiani anawatafuta, na hana kingine mkononi ila hilo jina. Msifanye nilivyofanya!

Mimi kazi yangu sasa ni kusikiliza. Nikiwa napika, nikiwa nafua, mtu akipita nje anauliza nyumba ya fulani, naacha mikono ndani ya maji nasikiliza. Akija siku moja mtu kumuulizia Mama Wilondja, nataka niwahi kuitika kabla hawajamwonyesha njia ya makaburini.