Askofu Aliyekatiwa Keki

Mstari mwekundu ulianzia juu ya ukurasa wa thelathini na moja na kuishia chini ya ukurasa wa thelathini na nne. Hivyo ndivyo kamati ya sherehe ya Krismasi ya jumuiya yetu ya Watanzania, Jumamosi moja ya Novemba 1996, ilivyolifuta onyesho la mwisho la tamthilia ya Bernadetha Kokushubira: bila kumwita, bila kumuuliza, na bila haya.

Bernadetha alikuwa na miaka arobaini na minne. Kule Kamachumu alifundisha darasa la saba. Hapa Minnesota, alikomfuata marehemu mumewe aliyekuja kusoma, alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali moja ya Coon Rapids. Aliishi Burnsville, kwa hiyo kila siku aliivuka miji pacha ya hapa, kutoka kusini hadi kaskazini, kwenda na kurudi, ndani ya gari ambalo hita yake ilipuliza upande wa abiria tu. Humo ndimo alimotungia tamthilia nzima kwa mashairi. Kila ubeti aliuimba akiendesha mpaka ukamkaa kichwani, kisha akauandika daftarini wakati wa mapumziko. Ilimhusu askofu mkuu wa Uingereza ya kale, aliyekataa kuliweka kanisa mfukoni mwa mfalme aliyekuwa rafiki yake. Washawishi walimjia mmoja mmoja, akawashinda, na askari wakamuua mbele ya altare.

Kuuawa huko ndiko kulikoleta balaa. Kamati ilikuwa imemwalika mkubwa mmoja wa serikali yetu, aliyekuwa ziarani Marekani, awe mgeni rasmi, na Mwenyekiti Evodius aliona si adabu mkubwa huyo atazame mtawala akimwaga damu ya askofu. Mahali pa kifo wakaandika: “Mfalme na Askofu wanapeana mikono. Keki inakatwa.”

Keki! Katika karne ya kumi na mbili!

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alimtembelea Bernadetha nyumbani, akanywa vikombe viwili vya chai kabla ya kulitaja lililomleta.

“Mwalimu, usikasirike. Hii ni sherehe, si msiba.”

“Mtu akiuawa ni msiba, Mwenyekiti. Ndivyo nilivyoandika.”

“Basi tukupe heshima yako. Utakaa meza kuu. Risala kwa mgeni rasmi utaisoma wewe. Nani hapa ana sauti kama yako?” Akakishusha kikombe taratibu. “Halafu lile suala la pasipoti ya mama. Mzee huyu akinyanyua simu tu, siku tatu imetoka.”

Mama yake Bernadetha alikuwa na miaka sabini na sita, na maombi yake ya pasipoti yalikuwa yakizungushwa Dar es Salaam mwaka wa tatu. Hawakuwa wameonana tangu 1989. Bernadetha akasema ataisoma risala. Kuhusu onyesho hakujibu neno.

Kesho yake kazini alimweleza Wambui, Mkenya aliyekunja naye mashuka, kila mmoja na pembe zake mbili.

“Aki Mwalimu, usikubali! Siku hiyo usiingie ndani. Simama nje kwa theluji na bango, mimi nitaita watu wa televisheni. Utakuwa shujaa, wewe!”

“Na nikiganda?”

“Ukiganda ndio poa kabisa! Watakuweka ukurasa wa kwanza!”

Walicheka. Lakini mchana kutwa Bernadetha alikuwa akiwajibu waandishi wa habari kichwani mwake. Alikwisha kuchagua hata kitambaa atakachojifunga apigwapo picha. Mashuka yalipokaribia kwisha ndipo alipogundua kwamba tangu asubuhi hakumfikiria Askofu hata mara moja. Ukamjia ubeti alioutunga yeye mwenyewe, wa mshawishi wa mwisho:

Kufa kwako ni heshima,
jina litabaki jema,
vizazi vitalisoma
limechongwa kwenye lango.

“Wambui,” alisema, “mshawishi huyu nilimwandika kwa mkono wangu, naye amenifuata mpaka kazini nisimtambue. Usimwite mtu wa televisheni.”

Tarehe 28 Desemba tulikusanyika katika ukumbi wa kanisa moja la Saint Paul. Mfalme na Askofu walipeana mikono, keki ikakatwa, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha ikaitwa risala. Kila aliyelelewa kwetu anajua kwamba risala haikatizwi. Hata mgeni rasmi hutulia mpaka msomaji aseme “naomba kuwasilisha”. Kamati ilimpa Bernadetha risala ili kumtuliza, ikasahau kwamba imempa mahali pekee pasipoweza kufutwa kwa kalamu.

“Mheshimiwa mgeni rasmi,” alianza, “jumuiya yetu haina matatizo mengi. Ina moja: tunaogopa kabla ya kutishwa. Tamthilia uliyoitazama imekatwa mwisho wake kwa ajili yako, nawe hukuomba. Mwisho wenyewe ni huu.”

Akayasema maneno ya askari, bila karatasi. Jotham, nesi wa Lakeville aliyeigiza Askofu, alikuwa bado amevaa joho lake la shuka, kipande cha keki mkononi. Alikiweka chini, akasimama, akajibu:

Kisu hakinitishii,
upanga siukimbii,
ila neno sitatii:
kuita kweli uongo.

Evodius alimkonyeza mshereheshaji azime kipaza sauti. Mshereheshaji akatazama dari. Askofu akauawa, kama ilivyoandikwa.

“Naomba kuwasilisha,” alisema Bernadetha, akaenda kukaa nyuma kabisa, kando ya Wambui. Mgeni rasmi aliisoma hotuba aliyokuja nayo, hakugusia lolote, akaondoka. Suala la pasipoti hakuna aliyelitaja.

Januari kamati ilimfukuza uanachama. Kumbukumbu za kikao zasema “amevuruga sherehe”. Daftari lake la tamthilia, alilowapa walisome, wamelizuia. Alipopewa barua alimwambia Mwenyekiti, “Sikusema ili mnifukuze. Mmejisumbua bure.” Mama yake yupo Kamachumu, bado anasubiri zamu yake kama raia wengine.

Mwenyekiti Evodius, nanyi wajumbe sita mlioinua mikono kumfukuza: lirudisheni daftari la Mwalimu Bernadetha, na kurasa zake zote. Lifuteni neno “amevuruga” kwa kalamu ileile nyekundu, mbele yake na mbele yetu. Na Krismasi ijayo, mwacheni Askofu afe.