Vyungu vya Mama Mukwe

Haya yangu haijaisha mpaka leo, lakini bon, mumeniuliza kwa nini sisimulii tena mambo ya televizyo, basi musikie, mucheke mara moja, halafu muniache.

Miaka ile ya sabini nilikuwa napeleka samaki wakavu Kitwe (mimi mutu wa Katanga, lakini muke wangu Mwansa ni wa kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwa hili letu, si cha bahari, na tulikaa hapa kandoni, Nchelenge), na kule kwa ndugu yangu nikaona kwenye televizyo muchezo wa mutu anayerudi nyuma miaka mia moja kuzuia tauni iliyomaliza muji muzima. Tauni ile ililetwa na mwanamuke mumoja aliyefika majini kwa bwato, amejifunika nguo usoni, anakohoa. Niliporudi, kila asubuhi niliusimulia pale bwato zinapofikia, batu banaacha nyavu zao banisikilize, na mimi (kichwa kimevimba) siku moja nikaongeza kwamba ni habari ya kweli, na tauni iko njiani kwetu. Uongo mutupu.

Kesho yake, niko katikati ya maneno, bwato ikaja toka upande wa Kilwa. Ndani banamuke batatu, wa mbele amejifunika kitenge uso wote, anakohoa.

Mutu mumoja akaniuliza, "Papa Kalenga, si ndiye huyu?"

Ningesema hapana, ingeisha. Lakini batu bote balikuwa bananitazama, nikasema, "Ndiye. Musimuache ashuke."

Bakashika kafi na miti, bakasukuma bwato, ikayumba, vyungu vinne vikaanguka majini, ugali na kuku vikaelea mbele yetu. Kitenge nacho kikaanguka. Alikuwa mama mukwe wangu.

Kwa kina Mwansa, tangu ndoa, mama mukwe anamufichia mukwe uso mpaka siku anamupikia vyungu vya heshima, amatebeto, ndipo unaweza kula kwake kama mutoto wake. Nilivingojea miaka mitano. Mwansa alijua vinakuja siku ile, akanificha habari ili nifurahi kwa ghafula. Na kikohozi kilikuwa moshi wa jiko tu, alikuwa amepika tangu jana yake.

Mimi, kwa kuwa hairuhusiwi kumutazama, nikakimbia kujificha nyuma ya vitanda vya kuanikia samaki, na batu, kwa kuona miguu yangu inatokea chini, bakaanza kucheka. Mama mukwe hakucheka. Nilimusikia anasema polepole, "Mumuambie Mwansa chakula kimefika." Halafu bale banamuke bakageuza bwato, bakarudi kwao.

Nilituma kuku, nikatuma kitenge kipya, nikatuma mujomba wangu apige magoti kwa niaba yangu. Mama mukwe akapokea, akasema atapika tena mvua ikianza. Alikufa mbele ya mvua kuanza.

Mwansa anasema mama yake alinisamehe. Mimi niliapa: kitu nisichokijua, sitakisemea tena mbele ya batu. Mutu yule wa televizyo alirudi miaka mia kuzuia bwato moja isifike. Mimi ningeomba asubuhi ile moja tu, niiache ifike.