Mafuta ya Mzunguko wa Mwisho

Mume wangu anafundisha watu kuendesha gari, huu mwaka wa ishirini na mbili, na miaka yote hiyo yeye mwenyewe haendeshi. Msicheke, nasema kweli. Mwalimu wa udereva anakaa kiti cha abiria. Usukani anao mwanafunzi. Yeye ana pedali zake mbili za pembeni, breki na klachi, na kazi yake ni kuhakikisha wote wawili wanarudi wazima. Kutwa nzima anapelekwa na watu wasiojua wanakokwenda. Na gari letu wenyewe, la kutembelea, hatuna.

Kazi hiyo imemwingia mwilini. Akipanda basi, mguu wake unakanyaga sakafu kila dereva anapochelewa kufunga breki. Hata usingizini ananikanyaga. Nikimwamsha anasema, "Samahani mke wangu, kulikuwa na ng'ombe barabarani."

Sasa huyo mtu, miaka mitatu iliyopita, akaja nyumbani amekumbatia boksi. Ndani mna usukani na pedali za kuchomeka kwenye kompyuta. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu mkali kuliko mkasi wangu, na siku hiyo sikuufunga. Nikamwambia, "Na mvi zote hizo kichwani unanunua mwanasesere?" Akaanza kufungua boksi. Mwalimu, ndivyo ninavyomwita, ukimgombeza hajibu, na hapo ndipo anaponimaliza.

Kibaya zaidi, mtandao nyumbani kwetu unashika vizuri chumba kimoja tu, nacho ni chumba changu cha kushonea. Basi nikahamiwa. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na tunamwita Moto kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya tabia, alimtengenezea shemeji yake fremu ya chuma, wakafungia juu yake kiti cha gari la shule ya udereva lililokufa. Dude zito! Ukitaka kufagia chini yake uite majirani. Nilinuna wiki nzima, nikatundika pazia kati yangu na yeye ili nisimwone.

Siku moja nikachungulia. Mwalimu alikuwa kwenye barabara ya mashindano, gari linakata kona, na uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sijaiona tangu tuoane. Hakuna mtu wa kumfungia breki. Hakuna wa kumwambia tazama kioo. Anaendesha, basi. Nilirudisha pazia taratibu, na tangu siku hiyo sikusema tena habari za mwanasesere.

Baadaye yeye na wenzake wakaingia ligi ya mtandaoni. Ni mbio za saa sita, gari moja, madereva watatu, kila mmoja kwake. Gari likiingia kituoni kuweka mafuta, mmoja anatoka na mwingine anapokea. Watatu wenyewe ni Mwalimu, Moto, na mfamasia mmoja wa mji mwingine tunayemwita Daktari. Huyo hatujawahi kumtia machoni, tunamjua kwa sauti. Timu yao inaitwa Mwenda Pole. Moto hilo jina linamkera mpaka leo, lakini kura zilikuwa mbili kwa moja.

Ligi ina timu thelathini na mbili, na foleni ya wanaotaka kuingia ni ndefu. Kwa hiyo kuna sheria: msimu ukiisha, zilizo mkiani zinatolewa, zinakwenda kungoja miaka miwili. Msimu ule, kwa hesabu ya pointi, Mwenda Pole walitakiwa kumaliza mbio za mwisho wakiwa wa ishirini. Wakiwa wa ishirini na moja, kwaheri. Wiki nzima Mwalimu hakula vizuri. Usiku mmoja akaniambia, "Wakitutoa, nitarudi kuwa abiria." Alisema akicheka, ila mimi namjua mume wangu, na kile hakikuwa kicheko. Iliniuma.

Mbio zilianza Jumamosi saa nne asubuhi. Daktari akaendesha saa mbili za kwanza, safi, bila mkwaruzo. Moto akachukua saa mbili za katikati, na Mwalimu akawa anamtazama kwenye skrini huku anakanyaga sakafu. "Funga! Funga breki! Jamani, huyu mtoto atatuua!" Nikamwambia akipasua sementi ataikarabati mwenyewe. Saa nane Mwalimu akapokea usukani, wakiwa wa kumi na tisa. Saa tisa wakaweka mafuta ya mwisho, bila kubadilisha dereva, wakatoka wa ishirini. Daktari ndiye aliyepiga hesabu ya lita.

Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia na mteja, mama mmoja karani wa benki, namjaribishia gauni, mdomo umejaa pini. Imebaki kama dakika ishirini na tano nikasikia sauti ya Daktari kwenye spika, ndogo sana.

"Mwalimu. Nimekosea dozi."

"Dozi gani?"

"Ya mafuta. Nimepima ya saa sita kamili."

Moto akalipuka kutoka kwake. "Saa sita kamili? Daktari! Saa sita zikiisha gari halisimami palepale! Lazima umalize mzunguko uliomo!"

"Najua. Ndio nimekumbuka sasa hivi."

Ebo! Ukizoea kupima dawa hutaki hata tone lizidi, na jamaa wa watu alipima mafuta kama anampimia mgonjwa. Gari lilipungukiwa na mzunguko mmoja mzima.

"Ingia kituoni uongeze," Moto akasema.

"Akiingia anapoteza sekunde hamsini," Daktari akajibu, "na lile gari la kijani liko nyuma yetu sekunde arobaini. Tutakuwa wa ishirini na moja."

"Basi kanyaga, shemeji! Mbele kwa mbele!"

"Akikanyaga yanaisha mapema zaidi! Apunguze!"

"Akipunguza kijani linamkuta!"

Huku wanapigiana kelele, nikasikia matairi yanalia. Nikachungulia. Gari lilikuwa limepita kwenye majani, sekunde tatu zimekwenda. Shingo ya Mwalimu ilikuwa imezama mabegani. Mume wangu, mtu mwingine akiwa hatarini, hatikisiki. Nimeshamsikia akimwambia mwanafunzi anayeelekea mtaroni "sawa, sasa tuugeuze usukani" kama anaagiza chai. Lakini hatari ikiwa yake mwenyewe, anapotea kabisa.

Nikatema pini. Nikamwambia mteja, "Dada, simama hapo hapo, usikae, utachomwa." Nikavuta stuli yangu, nikakaa ubavuni kwa Mwalimu.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Nini?"

"Mimi ndiye ninayeendesha. Nifundishe. Kona ile inakuja, naikanyagia mafuta."

"Mke wangu, si wakati wake!"

"Naikanyagia!"

"Hapana!" akafoka. "Inua mguu! Inua sasa, liache litembee lenyewe!"

Na mguu wake ukainuka. Mdomo ulisema, mguu ukatii. Gari likaingia konani kimya, likatoka kimya.

"Sasa je? Breki?"

"Breki ya nini? Ukifunga breki mafuta uliyochoma yamekwenda bure. Tazama mbele, mama. Gia ya juu. Kanyaga taratibu, kama kuna yai."

Aliniita mama! Mwanafunzi yeyote wa kike, yeye humwita hivyo, na mimi alikuwa ananiita hivyo nilipokuwa mwanafunzi wake, kabla mambo hayajawa mambo. Nikajua nimempata. Mabega yalishuka. Nikaendelea kuwa mwanafunzi mjinga kuliko wote aliowahi kufundisha, na kwa kweli haikunipa tabu. Kila kona nilisema nakanyaga, kila kona akanikataza, tena kwa upole, na mguu wake ukafuata maneno yake.

Daktari akawa anasoma namba. "Tumepungukiwa robo tatu ya mzunguko." Baadaye, "Nusu." Baadaye, "Robo." Moto, maskini, kazi yake ilikuwa kusoma lile la kijani. "Sekunde thelathini na moja. Ishirini na mbili. Kumi na tano." Kila mafuta yalivyotosha, kijani lilikaribia. Karani wa benki alikuwa ameshavuka pazia, gauni lina mkono mmoja, amejishika kichwa.

Saa sita zikaisha tukiwa tumeuvuka mstari hatua chache tu. Ukabaki mzunguko ule ule aliousahau Daktari.

"Kijani sekunde saba," Moto akanong'ona. Sikujua kama mtoto wa mama yangu anajua kunong'ona.

"Naruhusiwa kukanyaga sasa?" nikauliza.

"Bado, mama. Bado kidogo."

Kona ya mwisho hiyo, mbele mstari ulionyooka. Sekunde mbili. Mwalimu akasema, "Sasa," akakanyaga, injini ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Loo! Mafuta yameisha, mstari tunauona. Mimi nilipiga yowe. Mwalimu hakupiga. Alisema kwa sauti ile ile ya darasani, "Klachi. Usiguse breki. Liache litembee," akakanyaga klachi, na gari likateleza bila sauti hata chembe. Nyuma yetu tukasikia mngurumo wa kijani unakua, unakua, pua yake ikatokea pembeni mwa skrini, magari yote mawili yakavuka.

Hakuna aliyejua nani katangulia. Watangazaji wa ligi walikuwa wanampongeza mshindi, sisi wa mkiani nani atatutaja? Mwalimu aliuachia usukani, akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Matokeo yakitoka, soma wewe," akaniambia. "Mimi siwezi."

Orodha ikaanza kushuka kwenye skrini. Nikapitisha kidole jina kwa jina, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa.

"Ishirini," nikasema. "Mwenda Pole."

Moto alipiga kelele mpaka spika ikakwaruza. Karani wa benki akanikumbatia na pini zake zote. Mwalimu hakuondoa viganja usoni.

"Soma tena."

Mimi kurudia neno sipendi, hata kwa wanangu. Siku hiyo nilisoma mara nne, na ile ya nne nilikuwa nalia, nikamwondolea viganja usoni ili asome mwenyewe.